Namba Kumi na Nne, Nipo

Kilichomtia wasiwasi Fundi wa Pasi ni kwamba Chelewa alianza kuwahi.

Chelewa, jamani! Mtu aliyefika kwenye mtihani wa mwisho wenzake wakiwa wanakusanya karatasi. Mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe mpaka bibi harusi akavua viatu na kuomba kiti. Leo ana miaka sitini na kitu, na ghafla kila Jumamosi ikigonga saa kumi jioni, wengine hata miwani hawajaiona ilipo, ujumbe wake umeshaingia kwenye kundi: "14, nipo."

Fundi wa Pasi alikuwa na kibanda cha kutengeneza pasi na feni, na mdomo usiokosa wateja. Miaka thelathini na minane nyuma alikuwa msichana pekee kwenye darasa la umeme la watu ishirini na wawili. Walimu, kwa kudhani kwamba msichana hajui kudanganya, wakamkabidhi daftari la mahudhurio. Wenzake wakamwita Kiranja, jina likamganda, na leo hata wajukuu wanamwita Bibi Kiranja.

Darasa lilipozeeka likahamia kwenye simu. Mwanzoni ilikuwa porojo tupu: magoti, wakwe, nani kaoa tena na kwa nguvu zipi. Kisha Namba Tatu akafa peke yake chumbani kwake, akakutwa siku ya tisa. Siku zote hizo tisa wenzake walikuwa wanarushiana vichekesho, na hakuna aliyeuliza mbona Namba Tatu hacheki. Kiranja hakuwasamehe, wala hakujisamehe. Akatafuta daftari jipya, akatoa amri: kila Jumamosi saa kumi, kila aliye hai aandike namba yake ya darasani na neno "nipo". Ukikosa Jumamosi mbili, unafuatwa hadi mlangoni. Walikuwa wamebaki kumi na watatu, na kila "nipo" yeye aliinakili daftarini kwa wino: yupo.

"Mtu habadiliki uzeeni, shoga," alisema mshonaji wa kibanda cha pili, akikata uzi kwa meno. "Ukiona kabadilika, ujue si yeye."

"Acha maneno yako."

"Mimi nimeacha. Wewe mbona umeikumbatia pasi ya watu nusu saa hujaifungua?"

Kiranja akaiweka pasi chini, akachukua simu na kurudi nyuma Jumamosi moja moja. Hapo ndipo alipoliona jambo. Kumi na Nne alikuwa haji peke yake. Kila alipoingia Namba Tisa, Kumi na Nne alimfuata kisogoni. Jumamosi moja Namba Tisa alikuwa safarini, akaitikia saa kumi na mbili, na Kumi na Nne naye, dakika ileile.

Namba Tisa alikuwa Kivuli, fundi wa lifti mstaafu, mrefu, mkimya, aliyekuwa haachani na Chelewa tangu siku ya kwanza chuoni. Na enzi hizo ni Kivuli aliyekuwa akimwitikia. Darasa zima lilikuwa linajua: ikiitwa kumi na nne na kiti kikiwa kitupu, Kivuli alikohoa mara mbili, akatoa sauti nzito ya kukopa, "Nipo, mwalimu!" Mwalimu alikuwa na sikio zito. Kiranja alikuwa na masikio mazima, lakini kalamu yake ilijifanya kiziwi.

"Hakuna waya uliokufa mpaka testa iseme," alijisemea, kama walivyofundishwa. Akampigia Chelewa. Simu ikaita mpaka ikachoka. Baadaye ukaja ujumbe: "Niko kwenye kelele, Kiranja. Tutaongea."

Chelewa hakuwahi kumwita Kiranja. Maisha yake yote alimwita Askari.

Jumamosi hiyo alifunga kibanda adhuhuri, akatia daftari kwenye mkoba, akaenda nyumbani kwa Chelewa. Dirishani mapazia mageni. Uani mwanamke asiyemjua alikuwa anaanika nguo.

"Yule mzee? Alihamishwa, mama. Ana miezi minne sasa. Alikuja mwenzake mmoja mrefu, hasemi, na pikapu. Akabeba kitanda, akabeba na mzee."

"Alimbeba?"

"Alimshika mkono."

"Kwa hiari yake?"

"Mama, mimi nilikuwa nafua. Ila alituaga vizuri sana. Halafu akarudi, akatuaga tena. Mara tatu."

Kiranja hakupenda kabisa hiyo mara tatu. Mtu anayerudi mlangoni mara tatu, ama kasahau kitu, ama hataki kuondoka. Njia nzima hadi kwa Kivuli aliigeuza na kuigeuza, na kila upande ulikuwa mbaya kuliko mwingine.

Kivuli alifungua mlango kiasi cha uso wake tu.

"Kiranja! Mbona hukusema unakuja?"

"Ukisema unakwenda, unakuta pameshafagiliwa. Chelewa yuko wapi?"

"Si... si aliitikia wiki iliyopita?"

"Ndiyo nimekuja kuhakiki."

Kivuli hakusogea. Nyuma yake, ndani, kitu kilisikika: ta. Kimya. Ta. Kimya. Swichi. Fundi wa umeme hawezi kukosea sauti ya swichi.

"Ndugu yangu," Kiranja akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "Namba Tatu alikaa siku tisa. Mimi nimeandika 'yupo' miezi minne kwa wino. Niambie, nilikuwa namwandika mtu au maiti?"

Kivuli akapisha.

Chelewa alikuwa amekaa mezani mbele ya ubao wenye swichi moja na balbu moja. Anawasha, anaitazama, anazima. Kiranja alimkagua kama anavyokagua pasi iliyoletwa na mtu anayeapa kwamba haijawahi kuanguka. Kucha zimekatwa. Kola imepigwa pasi, tena na mtu anayejua. Akamshika mikono kama anayesalimia, akaigeuza, akatafuta alama. Hapakuwa na alama.

"Umekuja kukata umeme?" Chelewa akauliza.

"Sikuja kukata. Ni mimi, Askari."

"Ah, karibu, askari. Kaa. Mwenzangu yuko darasani, atatoka sasa hivi."

Mwenzake alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake.

"Alijua kabla yangu," Kivuli akasema. "Akili ilipokuwa bado inakwenda na kurudi, alinishika mkono akaniambia: niitikie. Wasije wakapanga foleni kunitazama kama msiba. Wabaki na Chelewa wao. Nikamwitikia."

"Ukanidanganya."

"Uongo uko wapi? Si huyo hapo? Yupo."

"Na wewe ukianguka bafuni?" Sasa Kiranja aliwaka. "Nani angejua? Namba mbili zinyamaze kwa mpigo, na mimi nakwenda kugonga kule kwenye mapazia mageni! Huyu angekaa hapa anawasha na kuzima mpaka lini?"

"Nikaweke maji ya chai," Kivuli akasema, akaenda jikoni na kichwa chini.

Ilikuwa saa kumi. Simu ikaanza kutetemeka mkobani: mbili, nipo; tano, nipo; sita, nipo na goti langu. Kiranja akatoa daftari, akalilaza mezani kando ya ubao, akavuta kofia ya kalamu. Kwa mazoea ya zamani, akajikuta anaita kwa sauti, kama darasani.

"Namba mbili." Akaandika. "Namba tano." Akaandika. "Namba sita." Akaandika. "Namba tisa."

Jikoni maji yalikuwa yanamwagika kwenye sufuria. Hakuna jibu.

Mkono wa Chelewa ukaganda juu ya swichi. Akainua kichwa, akautazama mlango, kisha akamtazama Kiranja kwa jicho la wizi. Akakohoa mara mbili. Sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa nzito, ya kukopa:

"Nipo, mwalimu!"

Kiranja akairukisha kalamu mistari kadhaa.

"Namba kumi na nne," akaita taratibu.

Chelewa alikuwa amesharudi kwenye balbu yake. Ta. Kimya. Ta. Bomba la jikoni likafungwa. Kikapita kikohozi kimoja, kikafuata cha pili.

"Nipo, mwalimu!"

Kiranja akaandika: yupo, yupo. Pembeni ya namba hizo mbili akachora mstari mmoja wa kuziunganisha, na chini yake akaandika kwa wino mzito: *Hawa wafuatwe kila Jumamosi, hata wakiitikia.*