Jino Zuri la Kulipia Serikali

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu," aliapa Tonton Crispin, mjomba wa kila mtu mtaani Matonge, na saluni nzima ya Galerie d'Ixelles ikamgeukia, kitana kikabaki hewani. "Nikiwa nimeongeza chumvi, meno yangu ninayatoa, mbele ya batu."

Bima ya afya, mutuelle, inalipia meno ya watoto wa wasio na uwezo. Sawa. "Lakini Leta, serikali, haina kintu ya bure! Dentiste anang'oa jino mubovu, halafu anang'oa na muzuri moja, ya kulipa." Kijana mmoja wa Uvira, alisema, aliingia na jino moja bovu akatoka anapiga mluzi bila kukaza midomo.

Précieuse, aliyekuwa akisukwa, alicheka hadi machozi. Binti yake Abigaël, wa miaka tisa, alikuwa sakafuni akipanga vibanio. Yeye hakucheka.

Hiyo ilikuwa Aprili. Novemba, Précieuse akapiga simu. "Tonton, kuya kwa dentiste. Vite, mbio."

Crispin alimkuta Abigaël kitini, viganja mdomoni, shavu limevimba kama ameficha andazi. Daktari Inès alishachoka kubembeleza. Usaha unashuka shingoni, alisema. Asipofungua kinywa sasa, ni hospitali. "Na kila kitu kimelipiwa. Sielewi anaogopa nini."

"Mimi ninaelewa," alisema Précieuse, macho kwa Crispin. "Anasema dentiste atabeba na jino muzuri. Na mimi mama yake, rendez-vous mbili za dentiste niliziacha zipite. Nilisema, pengine Tonton anajua kintu."

Crispin akacheka kile kicheko chake. Kikafia chumbani.

"Ni kweli, Tonton?" Abigaël aliuliza nyuma ya vidole. Macho yalikuwa ya homa.

Majibu matatu yalimjia, kila moja tamu kuliko jingine. Akayameza. "Hapana, mutoto yangu. Nilitunga."

"Unadanganya sasa, juu nifungue kinywa. Weye haukuendaka kwa dentiste, njo maana uko na meno yote."

Hilo nalo alikuwa amejisifia, miaka na miaka, Matonge nzima.

"Uliapa, Tonton," alisema Précieuse polepole.

Crispin aliangalia mlango. Kisha akaingiza kidole gumba, akachomoa meno ya juu, akachomoa na ya chini, akayaweka kwenye sinia pamoja na vifaa vya daktari. Uso wake ukaporomoka.

"Ni ya bandia," alisema, maneno yakimvuja. "Yangu yalioza yote. Niliogopa dentiste kukupita weye."

Abigaël aliyagusa kwa kidole. Akashusha viganja. Akafungua.

Inès aliinama na taa, akagusa jino moja, kisha la pili.

"Deux," alisema. Mawili ya kung'oa. Lile bovu, na la jirani yake. Angeletwa mwezi wa nne, hilo la pili lingepona.

Abigaël alimgeukia Tonton, kinywa bado wazi.

Crispin alinyoosha mkono kuelekea meno yake, akayaacha palepale. Mkono akampa mtoto, naye akaukamata, akaubana kwa nguvu zote.