Wakili Aliyeuliza Mno

Kwa Mama Gurdial, kumtafutia mwanawe wakili wa uhamiaji na kumtafutia mke ni kazi moja. Mwanawe huyo, Balraj, ni dereva wa teksi mtaani Richmond Hill, ughaibuni; viza yake ilikwisha zamani na sasa kaitwa mbele ya hakimu. Akishindwa, ni ndege ya kurudi kwao Punjab. Yeye hana usingizi. Mama yake, aliyekuja kumtembelea, ndiyo kwanza anachagua shali ya kuvaa.

Wakili wa kwanza, Chawla, aliinama akamgusa mama miguu kwa heshima. Chai ikaja, na laddu, vile vitamu vya samli.

"Mama, hesabu kesi imekwisha," akasema. "Tutasema alipigwa na polisi huko kwenu."

"Nani kampiga mwanangu?" mama akaruka.

"Hakupigwa, mama. Tutasema tu."

Walipotoka mama alikuwa amenuna. "Hajauliza hata una ndugu wangapi. Posa gani hiyo isiyo na maswali? Twende kwingine."

Wakili wa pili, Tehmina, mtu wa Lahore, ofisi yake ilikuwa juu ya duka la samaki. Chai hakutoa. Aliuliza tu: uliingiaje nchini? Umewahi kushikwa?

"Hajawahi," mama akajibu.

"Mama, nimemuuliza yeye."

Loo! Balraj akajua safari imeishia hapo. Kumbe mama anatabasamu. "Huyu anachokonoa kama mama mkwe," akamnong'oneza.

"Una mke?" Tehmina akaendelea.

"Hana," mama akadakia. "Picha za wasichana ninazo mkobani."

Tehmina hata hakuzitazama. "Kaka Balraj, ukinificha mimi, mbele ya hakimu sitakuwa na la kukusaidia. Una mke?"

Balraj akautazama ule mkoba. Akisema, mama atalia. Akinyamaza, ndege inamngoja.

"Ninaye," akasema. "Anaitwa Indranie. Kwao Guyana, lakini ni raia wa hapa. Tuna binti wa miaka mitatu. Mama alipokuja niliwapeleka kwa wakwe."

"Mungu wangu!" Tehmina akatupa kalamu. "Mke raia unaye, halafu unahangaika hivi? Kesi yako si ndiyo hiyo! Mkeo ndiye wa kukuombea kibali cha kukaa!"

Mama alinyanyuka, akamzaba mwanawe kibao cha kisogoni, kisha akakaa na kujifuta machozi kwa ile shali mpya.

"Shika kesi, binti yangu," akamwambia Tehmina. "Mimi huyu namuuliza habari kila wiki kwa simu, ananijibu amekula vizuri. Wewe umemuuliza mara mbili tu, nimepata mjukuu."