Dhambi za Mama Adolphine

Wivu ulimwingia Angelika kwa njia ya simu, tena siku ya Jumapili, akiwa hajavua hata nguo za kanisani. Alikuwa jikoni kwake mtaa wa Iroquois, Louisville, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi, akimtazama mjukuu wake Patricia aliyekuwa Buffalo. Mtoto alikuwa na meno manne, gauni la maua, na wali mkononi.

"Patricia, bibi yuko wapi?" Medard, mwanawe Angelika, alimuuliza binti yake. "Haya, tuonyeshe. Bibi yuko wapi?"

Mtoto hakutazama simu. Aligeuza shingo, akanyoosha kidole chenye wali kumwelekea mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano aliyekuwa akikoroga sufuria. "Bibi!"

Wote wakacheka. Yule mwanamke akaja mbele ya simu akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama Medard, usikasirike. Huyu mutoto ananiona kila siku, donc anazani bibi ni miye."

"Nikasirike kwa nini, dada yangu?" Angelika akajibu kwa tabasamu, kisha akasingizia chaji imekwisha, akakata.

Huyo ndiye Mama Adolphine, Mkongomani wa Uvira. Alikaa Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, nyumba ya pili kutoka kwa Medard, na kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu wanaoshinda kwenye maghala na viwanda. Medard na mkewe Grâce walimwachia Patricia asubuhi, wakamfuata jioni, na mara nyingi wakala hapo hapo. "Mama, ungeionja sombe ya Mama Adolphine!" Medard alikuwa hachoki kusema. Medard huyo huyo ambaye Angelika alimtwangia majani ya muhogo kule kambi ya wakimbizi Kibondo, mpaka viganja vikatoka malengelenge! Leo anasifu sombe ya mwingine, tena anamwita mama. Angelika jina la mama alilipata kwa uchungu wa kuzaa. Yule kalipata kwa mboga.

Kwaresima ikaingia, wivu uko pale pale. Jumatano ya Majivu ya mwaka 2015, barabara zimejaa theluji, Angelika alipakwa majivu asubuhi, akaenda kazini kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Wakati wa mapumziko akajibanza nyuma ya mikokoteni ya mashuka, akabonyeza simu, akamtumia ujumbe wa sauti rafiki yake Spés wa Columbus.

"Spés, nakuambia wewe tu. Yule Mkongomani si bure. Mwanangu hanikumbuki, mjukuu hanijui. Kuna kitu anatia kwenye ile sombe yake. Wanaokula kwake hawaondoki. Usimwambie mtu."

Hakuwa ameona kitu chochote. Alisema tu, na aliposema alijisikia vizuri, kama mtu aliyekunwa mgongo pasipofikika.

Spés naye alimwambia mtu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa na dada yake Buffalo.

Sasa, kila Kwaresima Wakatoliki waongeao Kiswahili wa miji ile mitatu walikutana Columbus siku ya Jumamosi, kwa kuwa Columbus ni katikati, na kwa kuwa Padre Azarias, ambaye kazi yake ilikuwa Buffalo, ndiye padre pekee waliyemjua wa kumuungamia kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza Angelika alijua kuomba radhi ya kuchelewa kazini. Dhambi zake nyingine hazikuwa na Kiingereza.

Alipika sufuria kubwa ya sombe, kwa mawese, karanga na bilinganya, bila nyama wala samaki kwa heshima ya mfungo, akaifunga kwa taulo mbili, akaipakata njia nzima kwenye gari la Donati, jirani yake. Lakini tuseme kweli, safari ile haikuwa ya toba. Alitaka Medard aonje, akumbuke.

Columbus, kwenye ukumbi wa chakula wa kanisa, alipoiweka mezani, palikuwa na sufuria nyingine iliyofunikwa kitambaa cha njano. Spés akaja mbio, akaisogeza ya Angelika pembeni.

"Zisigusane," akanong'ona. "Ile ni ya yule Mkongomani."

Angelika alifurahi. Furaha hiyo aliishika moyoni vituo vyote vya Njia ya Msalaba, akipiga magoti na kuinuka na wenzake, mpaka mwisho Medard alipomvuta kando, Patricia mkononi. Mtoto alipomwona bibi yake aliuficha uso shingoni kwa baba.

"Mama, Buffalo kuna maneno machafu. Wanasema Mama Adolphine ni mchawi, anawatilia watu dawa kwenye chakula. Wazazi wote wameondoa watoto wao, kabaki na huyu wetu tu. Hivi nani ana roho ya kusema kitu kama hicho?"

"Watu," Angelika akasema. "Watu wana midomo."

"Mwombee, mama. Wewe ni mtu wa sala."

Angemtukana ingekuwa afadhali.

Foleni ya kitubio ilikuwa ya viti vilivyopangwa ukutani. Mmoja akiinuka, wote wanasogea. Padre Azarias alikaa nyuma ya pazia, stola ya zambarau shingoni, koti la baridi juu yake. Angelika akapiga magoti.

"Nibariki, padre, kwa kuwa nimekosa. Kuna mwanamke mmoja huko Buffalo. Huyo mwanamke anajipendekeza, padre. Anapenda kusifiwa. Anajipa jina lisilo lake, anawavuta watoto wa wenzake kwa chakula..."

Padre alimsikiliza, akakuna sikio. "Mama."

"Naam, padre."

"Huyo mama yu hai?"

"Yu hai. Yuko hapo kwenye viti."

"Basi mwachie dhambi zake, atakuja nazo mwenyewe. Asije akafika hapa akakuta zimekwisha. Nipe za kwako."

Angelika alitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Namwonea wivu. Mjukuu wangu anamwita bibi. Nikasema ni mchawi, na sikuona kitu. Nimesema hivyo majivu yakiwa bado usoni."

"Na Mungu je, unasema naye?"

"Namkwepa, padre. Hata Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe naruka, naenda moja kwa moja kwenye vishawishi."

"Basi amekungoja hapo hapo unapoparuka," padre akasema polepole. "Sikulazimishi ujitangaze. Lakini uongo uliotoka kwa sauti yako, sauti ya mwingine haiwezi kuurudisha. Tafuta namna. Usichelewe."

Akanyoosha mkono, akamwondolea dhambi. Angelika akaenda kupiga magoti mbele ya msalaba, akasali Baba Yetu yote, bila kuruka, na mwili ukawa mwepesi kama umetoka homa.

Wepesi ule ulifika mpaka mlango wa ukumbi wa chakula. Sufuria yake ilikuwa imekwanguliwa mpaka chini. Ile ya kitambaa cha njano haikuguswa. Watu walipita mbele yake wamebana viwiko. Mama Adolphine alikaa meza ya mwisho, viti vyote vimemkimbia, Patricia kalala kifuani pake mdomo wazi. Hata hapo wivu uliinua kichwa: kwa nini alale pale? Nitamtumia Spés ujumbe wa sauti kuyafuta yale maneno nikifika nyumbani, Angelika akajiambia. Kesho.

Ndipo Mama Adolphine alipoinuka na mtoto begani. Akafunua sufuria yake kwa mkono mmoja, akajipakulia, akageuka kuelekea watu, akala. Alitafuna taratibu, akameza, akafungua mdomo kidogo, ili wote waone.

Angelika hakungoja kesho. Alichukua sahani, akapakua sombe ile mpaka ikamwagikia vidole.

"Jamani! Maneno ya uchawi niliyasema mimi. Mimi, mama yake Medard. Sikuona kitu. Nilikuwa na wivu. Spés, usiinamishe kichwa, chanzo ni mimi."

Akala amesimama. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko yake, na hilo, Mungu amsamehe tena, lilimuuma.

"Bon," Mama Adolphine akasema. Uso wake haukulegea. "Sema tena. Bale ba kule nyuma hawakusikia."

Akasema tena, kwa sauti ya kupasuka. Medard alikuwa ameduwaa, kijiko hewani.

"Miye nililia kila siku, Mama Medard."

"Najua."

"Haujui."

"Sijui," Angelika akakubali.

Mama Adolphine akavuta kiti kwa mguu, akakisukuma upande wake. Angelika akakaa. Kiti cha tatu kikakwaruza sakafu: Medard, na sahani iliyojaa kutoka sufuria ya njano. Hakumtazama mama yake, ila alikaa.

"Unatia nini humu ndani?" Angelika aliuliza, na meza ya jirani ikashtuka.

"Utaniuliza Pasaka," Mama Adolphine akajibu, akimhamishia Patricia kwenye bega la pili. "Sasa bado tunafunga."