Shanga Ndani ya Paja la Zablon

Kaka yangu Zablon aliwekewa shanga ndani ya paja, na wadi nzima ya wanaume ikapata cha kucheka.

"Mwanaume mzima na tigo!" alisema mzee Okari wa kitanda cha pili. Tigo ni zile shanga ambazo nyanya zetu walikuwa wakifunga kiunoni. "Tena wao walifunga nje. Huyu amefungia ndani ya nyama, hata bibi yake hataziona!"

Zablon alicheka mpaka akashika mshono. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza hapo hospitali ya Homa Bay, kwa sababu mkewe Linet alikuwa amejifungua juzi tu, na nilimwona akimaliza kucheka anautazama mguu. Alivunjika paja akipakia miwa kule Awendo. Wakamwekea chuma, mfupa ukaanza kushikana, halafu usaha ukaja. Akameza vidonge, akadungwa sindano, usaha ukakauka, ukarudi. Daktari Mirumbe hakumficha: "Tunajaribu hizi shanga. Zikikataa, mguu tunautoa."

Nilimuuliza daktari kwa nini vidonge vilishindwa.

"Dorine, mtungi wenu wa maji ukikaa bila kuoshwa, ndani kunakuwaje?"

"Kunateleza."

"Ukimwaga maji uweke mengine?"

"Bado kunateleza tu."

"Basi ndiyo hiyo. Wadudu wametengeneza utelezi juu ya chuma, wamejifunika, wamelala. Dawa ya kumeza inawapita juu kwa juu. Kwa hivyo nimesugua, halafu nimepanga shanga za chokaa zenye dawa pale pale mlangoni kwao. Zitayeyuka zenyewe polepole, na dawa itatoka ikiwa kali, hapo tu."

Nikaridhika. Halafu asubuhi moja nikakuta bendeji imelowa maji meupe.

Yawa! Usaha umerudi! Zablon alifunika uso kwa shuka, nami nikakimbia kumwita daktari. Daktari akaja, akafungua, akatazama, akanusa, kisha akajipiga paji la uso.

"Nilisahau kuwaambia. Huu si usaha. Ni chokaa inayeyuka."

Okari akakaa wima kitandani. "Kumbe tigo inatoa maziwa! Zablon, Linet apumzike, mtoto utanyonyesha wewe!"

Siku hiyo hata muuguzi alitoka nje acheke vizuri.

Yale maji yakapungua, yakaisha. Kidonda kikafunga. Picha ikaonyesha mfupa umeshikana, na damu ikapimwa, ikawa safi. Daktari akatoa bendeji ya mwisho, akaleta magongo, na kila asubuhi akawa anasema, "Sasa simama. Kanyaga."

"Kesho, daktari."

"Jana pia ulisema kesho."

"Nikikanyaga kidonda kitafunguka."

"Na usipokanyaga, mguu utakauka kama fimbo. Tutakuwa tumeokoa kitu cha kutazama tu."

Nilimbembeleza. Okari alimtukana. Zablon alishika kitanda kama mtu anayepelekwa polisi. Mguu ulikuwa umepona, na yeye ndiye aliyekuwa anaupoteza.

Ndipo mama Phelesia akafika kutoka Rodi Kopany. Huyo ni mama yake Linet, kwa hivyo kwa Zablon ni maro. Kwetu Wajaluo, maro haoni paja la mkwe wake, na mkwe hakai mbele yake hivi hivi. Tulikuwa tumepatana kwa simu: yeye akae kwa veranda na chupa yake ya uji, salamu nizibebe mimi.

Nikazibeba. "Maro anauliza umeamkaje."

"Mwambie vizuri. Na usimruhusu aingie! Shuka yangu imeenda kufuliwa."

Kweli, alikuwa na kaptura tu, paja liko nje na mshono wake mrefu.

Mvua ya ziwa haipigi hodi. Ilikuja na upepo, ikapiga veranda kutoka kando, na watu wote wa nje wakamiminika ndani. Mbele yao, chupa ya uji kifuani na leso kichwani, alikuwa mama Phelesia.

"Maro!" Zablon alipiga kelele.

Akaruka. Sikumwona akishuka kitandani. Nilimwona tu katikati ya wadi, miguu miwili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kaptura inapepea, mpaka mlango wa choo ukafungwa, pwa!

Mama Phelesia alikuwa tayari amegeukia ukuta, macho amefumba. "Sijaona kitu," alisema. "Lakini nimesikia mtu anakimbia. Ni nani?"

Okari alikuwa anapiga godoro ngumi, machozi yanamtoka. Daktari Mirumbe, aliyeingia mbio aliposikia kelele, aliyainua magongo yaliyobaki kwenye kitanda kitupu, akaenda kugonga choo.

"Zablon! Kimefunguka?"

Tukasikia mguu ukikanyaga sakafu, mara moja, halafu tena, kwa nguvu.

"Hakijafunguka," sauti ikasema taratibu. Halafu kwa kelele: "Hakijafunguka, daktari! Dorine, niletee suruali!"

Mama Phelesia akapiga vigelegele, uso bado kwa ukuta.