Homa ya Pili ya Oliva

Tangu asubuhi ile Hilda alipofika kwenye maabara mjini Songea akiwa na mtoto mgongoni, Kunegunda, mtaalamu wa maabara hiyo, hakutulia tena.

Hilda alikuwa mkulima wa Madaba. Mwanawe Oliva alikuwa miongoni mwa watoto wa kijijini kwao walioingia kwenye utafiti wa malaria. Alipewa dawa ya mseto. Dozi ya kwanza Kunegunda mwenyewe alimmezesha, zilizobaki mama yake akampa nyumbani. Mtoto akapona, akacheza. Mwezi uliofuata homa ikarudi, na kipimo kikaonyesha malaria tena.

"Mume wangu Remigi anasema nilimwaga dawa," Hilda alisema. "Eti mtoto alikuwa anatapika, nikachoka naye. Amenirudisha kwa kaka yangu, niko hapa mjini, Bombambili. Dada, nasikia mna mashine inayojua. Iulize."

Kunegunda alitaka kumwambia kwamba mashine haijui mambo ya nyumba za watu. Lakini alikuwa na matone mawili ya damu ya Oliva, yamekaushwa kwenye karatasi: moja la ugonjwa wa kwanza, jingine la homa hii ya pili. Vimelea vya malaria havifanani vyote. Kila ukoo una alama zake katika vinasaba. Alama zikiwa zile zile, ugonjwa wa zamani haukuisha. Zikitofautiana, mbu ameleta mwingine.

Lililomnyima raha ni lile la kwanza. Zikifanana, huenda dawa yenyewe imeanza kushindwa, na hiyo ni habari ya kutisha wilaya nzima. Ila Remigi hatasikia hayo. Atasikia tu kwamba mkewe ni mwongo.

Aliomba ruhusa kwa mkuu wake apime sampuli hizo mapema. Alipoanza, umeme ukakatika na kazi ikaharibika katikati. Akarudia. Akaenda dirishani, akarudi, akafungua mlango bila kutoka. Chai yake ikapoa mezani.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, aliitazama akiwa wima. Alama zilionekana kama mistari: damu ya kwanza ilikuwa na miwili. Ya pili ilikuwa na mmoja tu, umekaa mahali pengine kabisa. Hakuamini haraka. Akapima alama nyingine, kisha nyingine tena. Hakuna zilizofanana.

Alimpigia Remigi simu. Kesho yake Remigi akaja kwa basi, akakaa ukingoni mwa benchi, mbali na mkewe.

"Malaria ya kwanza iliisha," Kunegunda alimwambia. "Hii ni mpya. Mtoto ameumwa na mbu mwingine baada ya kupona."

"Mbu gani, daktari? Nyumbani tuna chandarua."

Hilda akamgeukia. "Na kule kijijini Nakapanya je? Alipopona ulimpeleka kwenye msiba wa shangazi yako. Nikakwambia beba chandarua, ukasema utaona haya kukifunga mbele za watu."

Remigi alikunja kofia yake, akaikunjua. "Hata Madaba mbu wapo," alisema.

"Wapo," Kunegunda alijibu. "Kipimo hakisemi aliumwa wapi. Kinasema vimelea vya mwanzo vilikufa. Dawa ilimfikia."

Remigi akanyoosha mikono kumpokea mtoto. "Basi tuondoke, Mama Oliva. Tutawahi gari la jioni."

Hilda hakumpa. "Siku uliyonileta ulinisema mbele ya kaka yangu na mkewe. Twende ukawaambie hao hao. Halafu tutaongea habari ya gari."

Remigi alimtazama Kunegunda kana kwamba angemsaidia. Kunegunda akawafungulia mlango. Wakatoka, Hilda mbele, yeye nyuma na kofia mkononi.

Kunegunda alivaa glavu mpya. Kwenye sanduku zilikuwa zimebaki karatasi za watoto wengine waliorudiwa na homa, na hakuna aliyejua zingesema nini. Alitoa ya kwanza. Akaandika namba yake daftarini, akaanza kupima.