Chapati za Mstari wa Mbele

Haya, tegua hiki wewe uliyeketi hapo: jina lake ni la mguu, lakini mguu haumgusi, hubebwa kifuani kama mtoto mchanga, na wanaume wazima huvunjana mbavu kwa ajili yake. Ni nani? Umeshindwa? Basi nipe mji. Nairobi sitaki, nimeshapewa mara nyingi. Nipe Wheaton, Maryland, nami nitakwambia: ni ule mpira wa Wamarekani, unaoitwa wa miguu na kuchezwa kwa mikono.

Hata Bilha kilimshinda. Tobias, mwanawe, alipompigia simu kutoka chuoni kwamba amechaguliwa kwenye timu, alimwombea Mungu ambariki miguu. Siku alipokwenda uwanjani akamkuta kijana wake amevaa kofia yenye vyuma usoni kama tundu la kuku, akakaa mchezo mzima akingoja apige hata teke moja. Aliyepiga teke ni Didier peke yake, kijana wa Bukavu, ambaye kocha alimtoa kwenye soka kwa ajili ya mguu wake wa kushoto.

Sasa ilikuwa Novemba, Jumapili mchana, na Bilha alikuwa jikoni na unga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ametoka zamu ya alfajiri kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwageuza vitandani, akapitia kanisani, akarudi kukanda. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda tena. Nyama aliikata vipande vidogo zaidi ya wiki iliyopita, akazidisha viazi ili mchuzi usionekane maskini. Maharagwe yalichemka kwenye sufuria kubwa ya harusi, ile aliyoiomba kwa akina mama wa kanisa na ambayo hakuna aliyethubutu kuidai.

Sebuleni walikuwa wamejazana vijana tisa, kila mmoja mnene kama kabati. Kochi lilikuwa limewabeba watatu na kulalamika. Hao ndio walioitwa mstari wa mbele, wale wanaosimama mbele ya mwenye mpira ili asiuawe. Wengine waliketi kwenye zulia, magoti yakiwafika masikioni.

Mambo yalianza Septemba, timu ilipokuwa imeshapigwa mara tatu mfululizo. Tobias alikuja nyumbani na rafiki yake Darnell, kijana wa Kusini-Mashariki mwa jiji la Washington. Darnell alikula chapati sita bila kusema neno, kisha akainama kama anayesali.

"Kwani huko chuoni hamlishwi?" Bilha aliuliza.

Tobias husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimweleza kwamba Jumapili ukumbi wa chakula hufungwa, na wakati wa msimu kocha hawaruhusu kufanya kazi yoyote. Mama yake Darnell hushinda kazini Jumapili nzima. Na fulana yenye namba ya Darnell, Bilha alikuwa ameiona kwa macho yake, imening'inia dirishani mwa duka pale kwenye jumba la maduka la Wheaton.

"Wakiiuza, wewe wanakupa nini?" alimuuliza.

Darnell alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Jumapili iliyofuata walikuja wanne. Kisha mstari mzima, na Didier pamoja nao. Na ukiniuliza kama ni chapati au ni kocha, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba timu ilianza kushinda, ikashinda na kushinda, hadi ikabaki mechi ya Jumamosi hii. Wakiichukua, wanaingia mchujo wa kitaifa, jambo ambalo chuo kile hakijaliona tangu kijengwe.

Kosa lilikuwa la Bilha mwenyewe, tena kosa la furaha. Kanisani wakati wa ushuhuda alisimama, akamshukuru Mungu aliyemwezesha, yeye mama wa zamu mbili, kulisha timu ya chuo. Watu wakapiga vigelegele. Kijana wa mitambo ya kanisa akamfuata nyumbani, akampiga picha katikati ya wale majitu, ameshika kijiti cha kusukumia chapati kama rungu la chifu, akaiweka kwenye mtandao wa kanisa. Mtu akaiona, akamwonyesha mtu.

Ndipo Jumapili hii mlango uligongwa.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, koti la chuo, kitambulisho shingoni. "Mama Tobias? Naitwa Festus Gichuki. Natoka ofisi ya michezo ya chuo. Tunashughulikia kanuni za wachezaji."

"Gichuki! Jina la Nyeri, wa nyumbani Kenya kabisa. Karibu, mwanangu, ingia, baridi hiyo. Umekula?"

"Nimekuja kikazi, mama."

"Kazi haikuzuii kukaa."

Festus aliingia. Didier akamsogelea Bilha na kunong'ona kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, huyu papa eko nani? Eko anatuangalia sana."

"Mgeni. Toa mguu wako njiani apite, huo ndio timu inaoutegemea."

Festus alikalia ukingo wa kiti, kalamu mkononi. Alisema taratibu, kwa Kiswahili cha ofisini. Mchezaji haruhusiwi kupokea kitu cha bure kwa mtu asiye mzazi wake. Chakula ni kitu. Ile picha ya kanisa imefika ofisini, naye ametumwa achukue majina ya atakaowakuta wakila hapa, na aliyekula hatacheza Jumamosi.

"Wote?" Bilha aliuliza.

"Tobias ni wako, yeye anaweza kula. Hawa wengine, hapana."

Tobias alikuwa na sahani mkononi. Aliiweka chini kama inayomchoma.

"Kwa hiyo leo mwanangu ale, wenzake wamtazame mdomo?"

"Mama Tobias, sheria sikuitunga mimi."

"Sijasema umeitunga. Nimekuuliza kama umekula."

Festus alikohoa. Jikoni chapati ilikuwa ikifura kwenye kikaango. Bilha aliikimbilia, akaigeuza kwa vidole, akarudi na harufu yote nyuma yake. Macho ya Festus yaliifuata harufu ile, kisha yakarudi haraka kwenye kalamu. Bilha aliona. Alijua pia kwa nini hajibu. Kwao Bilha, Kakamega, na kwao Festus, Nyeri, vilevile, mtu akila kwako hawezi kuondoka akaenda kukusemea. Kwa hiyo mjumbe mwenye habari mbaya hula njiani, au hufunga.

"Kuna njia moja," Festus alisema. "Wakilipa, ni halali. Uwauzie, kwa bei ya hotelini."

Bilha alisimama wima. "Niwauzie?"

"Ndivyo kanuni inavyosema."

"Festus. Niwauzie watoto chakula, sebuleni kwangu, siku ya Jumapili? Wewe ukienda kwa mama yako Nyeri, anakuletea bili?"

Mmoja wa wale vijana alimuuliza Tobias kinachosemwa. Tobias alipomtafsiria, kicheko kilipita chumba kizima, kisha kikafa. Darnell alikuwa amesimama. Alivaa kofia yake ya sufu, akamwambia Bilha kwa upole kwamba wataondoka tu, hawataki kumletea matata. "Asante, mama," aliongeza. Maneno hayo aliyajua. Wengine walianza kuinuka, kochi likashusha pumzi.

"Kaa chini," Bilha alisema.

Hakupaza sauti. Ni ile sauti anayoitumia kwa wazee wa kule kazini wanapotaka kushuka kitandani peke yao. Vijana tisa wakakaa kwa pamoja, mpaka sakafu ikatikisika na jirani wa chini akagonga dari.

"Hawa wakiwa uwanjani," alimwambia Festus, "watu wanalipa kuwatazama. Fulana zao zinauzwa. Kocha ana gari jipya, nimeliona. Hakuna aliyekutuma ukachukue majina ya hao wanaokula pesa za Jumamosi. Umetumwa kwangu, kwa sababu ya maharagwe."

Festus alitazama vijana, akatazama sufuria ya harusi. "Mimi mwenyewe," alianza, akaacha. Akaanza upya. "Mimi hata si mwajiriwa wa kudumu pale, mama. Nalipwa kwa saa. Nimeendesha kutoka kwangu Woodbridge, mbali kote huko, barabara imejaa tangu asubuhi. Wakisikia nimerudi bila majina, watanitafutia mwingine."

"Na wakisikia hukukuta mtu anakula?"

"Nimewakuta."

"Umewakuta wameketi. Kuna sahani ya nani hapo yenye chakula? Kuna mdomo gani unatafuna?"

Festus aliangalia. Kweli, hata sahani ya Tobias ilikuwa tupu. Chakula chote kilikuwa bado jikoni, kikipoa.

"Nikikaa hapa dakika moja zaidi nitawaona," alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo ni wewe wa kuamua utaondoka ukiwa nani."

Bilha aliingia jikoni. Alirudi na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, taulo begani. Hakuanza na vijana. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kile kiti, akainama kidogo, kama anavyoinamiwa mgeni wa heshima. Festus alificha mikono mifukoni. Bilha hakuondoka. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu alfajiri, na jagi lilikuwa zito, lakini alilishika.

"Mwanangu, tangu uingie nimekuuliza kitu kimoja. Umenijibu kanuni, umenijibu Woodbridge. Umekula?"

Nje lori lilipita, glasi zikalia kabatini. Festus alichomeka kalamu mfukoni. Alivua koti, akalikunja vizuri juu ya magoti yake, kitambulisho ndani. Kisha akakunja mikono ya shati, mmoja baada ya mwingine, akaiweka mikono yake juu ya beseni.

"Sijala, mama," alisema. "Tangu jana."