Salamu ya Mifuko

Kupita mlango wa jengo lile bila kuonwa na Shangazi kulitaka uwe jini, na hata jini angeulizwa anakwenda ghorofa ya ngapi. Chumba chake kilikuwa cha kwanza ukiingia, kinatazamana na ngazi. Kila siku aliweka kiti kizingitini, akavaa koti lake la buluu lenye vifungo vya shaba, akakaa. Koti hilo lilikuwa la kazini, la enzi zake za ukaguzi wa tiketi kwenye treni. Alikuwa amestaafu kitambo, lakini korido ile ilikuwa na upepo wa kupenya mifupa, na koti lilikuwa bado zima. Alitupe kwa sababu gani?

Wapangaji wote walimwita Shangazi kwa sababu mwenye nyumba alimwita hivyo. Mwenye nyumba alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, naye alimpa chumba kile akae bure mpaka achoke mwenyewe. Watu wenye midomo walisema Shangazi ni mmbea. Yeye alilikataa neno hilo katakata. Mmbea husema, na yeye alikuwa anapenda kujua tu. Akiona mtu amepandisha ngazi na boksi asilolijua, siku hiyo chakula hakishuki.

Basi alasiri moja mwenye nyumba akaja, uso umemkunjamana.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini kichungu?"

"Ni hawa wageni wa ghorofa ya juu. Mkataba wao unaisha mwisho wa mwezi, na Karani wa ghorofa ya pili hanipi pumzi. Kila siku simu. Mara watu wenyewe hawaeleweki, mara hatujui walikotoka, mara niwatoe."

"Na chumba apewe nani?"

"Shemeji yake." Mwenye nyumba akacheka bila kupenda. "Najua, Shangazi, usinitazame hivyo. Lakini na Mama Pacha, jirani yao, naye kanung'unika. Mimi sikai hapa. Wewe ndiye unayewaona wakitoka na kuingia. Jumapili nakuja tukae wote hapa koridoni. Ukisema ni watu wazuri, wabaki. Ukisema sivyo, watafute pengine. Nimemaliza."

Shangazi alivimba kichwa kwa muda mfupi sana. Mwenye nyumba alipoondoka tu, akajiuliza atasema nini hiyo Jumapili, na jibu likamkosa. Watu wale walikuwa wamepita mbele ya kiti chake miezi na miezi. Alijua nini juu yao? Kwamba mume ni fundi vyerehani, anazunguka madukani akitengeneza mashine mbovu. Kwamba mke anapiga pasi mashuka kwa dobi mkubwa kule barabarani. Kwamba wana binti mdogo anayesoma. Baada ya hapo alijua salamu yao, basi.

Na salamu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Tangu walipohamia, kila walipopita kwa Shangazi walisimama, wakaweka chini walichobeba, wakakifungua, wakasubiri, kisha wakafunga na kwenda zao. Fundi alifungua kisanduku chake, Shangazi akaona bisibisi, mikanda ya cherehani, kopo la mafuta. Mkewe alifungua zipu ya mfuko, ndani chupa ya chai na aproni iliyokunjwa. Hata yule mtoto, asubuhi akikimbilia shule, alisimama akafungua begi lake na kuonyesha kipande cha mkate kilichomegwa pembeni.

"Kwao ndivyo wanavyoamkiana," Shangazi alimweleza Mama Pacha, kwa sauti ya mtu aliyesomea jambo hilo. "Sisi tunapeana mikono, wao wanaonyeshana mizigo. Maana yake sina siri na wewe."

Kwa kweli salamu hiyo ilimkaa rohoni. Maisha yake yote alikuwa akichungulia mizigo ya watu kwa kuibia, na sasa walikuwa wametokea watu wanaomfungulia wenyewe! Naye, asije akaonekana hana adabu, akaijibu kwa namna yao. Akirudi sokoni akakutana nao ngazini, alifungua kikapu chake na kuwaonyesha nyanya zake mbili tatu. Wageni walitazama ndani, wakatazamana, kisha wakatia kitu kikapuni: kitunguu, yai, safari moja hata kipande cha sabuni. Watu wana mkono wazi hawa, Shangazi alijisemea.

Karani wa ghorofa ya pili aliyaona hayo kwa jicho lingine. Yeye alifanya kazi katika ofisi ya bima, akitembea na mkoba wa ngozi aliouminya kwapani.

"Biashara gani ile ya mlangoni?" aliuliza. "Mimi sina ubaya na wageni, ila mtu lazima ajulikane."

Shangazi alikuwa amekata tiketi za watu wengi, na alikwisha gundua kwamba kila mwenye kusema hana ubaya, kile alichokuja kukisema kinafuata baada ya "ila".

Hata hivyo maneno hayo yalimkwama. Mtu lazima ajulikane. Jumamosi mchana akajaza bakuli karanga, akafunga vifungo vya koti, akapanda ngazi kwa kutua kila baada ya hatua chache, magoti yakimlaani.

Alipobisha, mazungumzo ya ndani yalikatika ghafla. Kiti kilisukumwa. Mlango ukafunguliwa wazi kabisa, na mke wa fundi akasogea pembeni, mgongo ukutani, kumpisha.

"Karibu, mama," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno amelikagua kabla ya kulitoa.

Kabla Shangazi hajatua bakuli, mwanamke yule akaenda kwenye kabati akafungua milango yote miwili. Akavuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akainua godoro kwa mkono mmoja, akasimama nalo hivyo, akingoja.

Shangazi alibaki mdomo wazi. Mpaka godoro! Ukarimu gani huu? Na kwa kuwa macho hayana pazia, aliangalia. Kabatini nguo chache zilizopigwa pasi zikanyooka. Droo ya kwanza vijiko, ya pili nyuzi, ya tatu soksi. Chini ya godoro hapakuwa na kitu ila mbao. Fundi alikuwa amekaa kimya dirishani mbele ya cherehani iliyofumuliwa, mikono yake ameiweka juu ya meza, vidole wazi.

Sakafuni yule mtoto alikuwa anacheza. Alikuwa amepanga bobini tupu za uzi wa cherehani za babake kwa mstari, na mbele yake amesimamisha chupa ndogo juu ya kiberiti. Shingoni mwa chupa alikuwa amefunga kitambaa cha buluu chenye vifungo viwili. Kila bobini ilipofika mbele ya chupa ilisimama, mtoto akafungua kijikaratasi kilichokunjwa, akahesabu kidogo moyoni, akakikunja. Bobini ikapita. Inayofuata.

Shangazi akainama. Hilo nalo asingeweza kuliacha.

"Huyu aliyekaa ni nani, mjukuu wangu?"

Mtoto alimtazama kama aliyeulizwa jina la jua.

"Ni wewe."

"Na hawa wanafanya nini?"

"Wanafungua, ili uwaache wapite."

Shangazi alisimama wima, kisha akaona afadhali akae. Alikaa kwenye godoro ambalo mama wa mtoto alikuwa ameliachia haraka.

"Nani alikwambieni mnifungulie?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe, mama," mwanamke alijibu. "Siku tulipofika. Ulisimama hapo mlangoni, ukanyoosha kidole kwenye mfuko wetu mkubwa. Ukauliza, humu mna nini?"

Ikamjia yote. Mfuko ule ulikuwa umetokeza kitu chenye mpini uliopinda, naye alikuwa hakijui, na hamu ya kukijua ingemuua. Kumbe kilikuwa mkono wa kuzungushia cherehani.

"Tulikotoka mpaka huku tulipita milango mingi," mwanamke aliendelea. "Anayekaa mlangoni na vifungo kama hivyo akiuliza, unafungua. Usipofungua, unabaki nje."

"Na kikapu changu? Nilipowafungulia kikapu?"

Mwanamke akatazama chini. "Tulielewa. Mume wangu alisema tushukuru, huyu anataka kitunguu tu."

Shangazi alitamani sakafu ipasuke aangukie chumbani kwa Karani. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda na joto mpaka masikioni. Vile vitunguu alivyovikaanga huku akiimba! Alikuwa amekula woga wa watu miezi yote hiyo, akauunga kwenye mchuzi.

"Mimi si mlinzi," alisema. "Mimi ni shangazi wa mwenye nyumba, basi. Koti hili ni la baridi. Niliwauliza kwa sababu nilitaka kujua tu."

Mwanamke akamgeukia mumewe, akamweleza kwa lugha yao. Fundi alimkazia macho Shangazi, akalitazama koti, akaitazama chupa iliyokaa juu ya kiberiti, na kicheko kikamtoka puani, kisha mdomoni, mpaka akashika meza. Mkewe hakucheka.

"Kujua tu?" aliuliza. "Mtoto amefika shule amechelewa mara nyingi, anaogopa kupita bila kufungua. Kujua tu?"

Aliacha karanga, akateremka akijishikilia ukutani.

Jumapili walikusanyika koridoni: mwenye nyumba, Karani na mkoba wake, Mama Pacha amempakata mmoja na mwingine amemng'ang'ania sketi. Wageni wenyewe hawakuitwa. Shangazi alikaa pale pale pake, lakini koti lilibaki msumarini ndani, na baridi ilikuwa inamtafuna mbavu.

Usiku kucha alikuwa amepiga hesabu zake. Akisema tu ni watu wazuri, Karani ataleta habari za vitunguu, na neno lake litaonekana limenunuliwa. Akisimulia jinsi vitunguu vilivyokuja, ataonekana kituko, na nani atafuata neno la kituko? Fundi na mkewe wangelipia aibu yake mara ya pili. Mpaka mwenye nyumba anamgeukia, Shangazi alikuwa hajui atashika lipi.

"Haya Shangazi. Ni watu gani hawa?"

"Kabla hajasema," Karani aliingilia, "aulizwe wanampa nini pale mlangoni. Nimeona kwa macho yangu. Mayai!"

Basi Shangazi akasimulia. Hakujipunguzia. Alianza na kidole alichonyooshea mfuko wa watu, akamaliza na chupa juu ya kiberiti. Mama Pacha alicheka mpaka pacha mmoja akaanza kulia. Mwenye nyumba alificha uso viganjani, na haikujulikana anacheka au anafanya nini.

Karani hakucheka. "Mnaona? Ina maana hata yeye hajui lolote juu yao. Watu hawajulikani!"

"Ni kweli," Shangazi alisema. "Mifuko yao nimeipekua kila siku ya Mungu, na majina yao sijawahi kuyauliza. Lakini hebu nikuulize wewe, Karani. Kwenye mkoba huo mna nini?"

Karani akauminya zaidi. "Hayo yanakuhusu nini?"

"Ndivyo ulivyonijibu mwaka ule ulipohamia. Ukaongeza nishike adabu yangu. Nikashika, na wewe ukabaki hapa mpaka leo, hakuna aliyekuja kuulizia unajulikana au hujulikani. Wao wamefungua mpaka godoro, na ndio wa kutolewa. Kama sharti la kukaa hapa ni kufungua, tufungue wote. Anza wewe, maana umetangulia kuhamia."

Mama Pacha aliutazama mkoba kwa hamu isiyojificha. Mwenye nyumba akasubiri, na alipoona hakuna zipu inayosogea, akajipangusa magoti, akasimama.

"Mkataba wao unaendelea," alisema. "Kwa masharti yale yale ya kila mtu."

Wakati huo huo mlango wa nje ukasukumwa. Mke wa fundi alikuwa anatoka kwa dobi, maana mashuka hayajui Jumapili, na begani alikuwa na mfuko mkubwa umevimba upande mmoja, una pembe, na kila akikanyaga ndani palilia cheng, cheng. Akawaona watu wote wale. Akasimama mbele ya kiti, kama alivyozoea, akatua mfuko.

"Na leo umebeba nini?" Karani aliuliza.

Vidole vya mwanamke vilikwisha shika zipu. Vilikwisha ivuta kidogo. Akamtazama Shangazi, akitafuta koti lisilokuwapo.

Shangazi hakuwahi kutaka kujua kitu duniani kama alivyotaka kujua kile kilichokuwa kinalia. Shingo ilimvuta. Akashika kiti kwa mikono miwili, akageuza uso, akautazama ukuta.

Alisikia zipu. Ilikuwa inarudi.

"Vitu vyangu," mwanamke alisema, bila ukali, akautupia mfuko begani na kuanza kupanda ngazi.

Cheng, cheng, mpaka ghorofa ya juu kabisa. Hadi leo Shangazi hajajua kilikuwa kitu gani, na usidhani hakimkoseshi usingizi.